Ziwa Linalohamahama: Kitale hadi Kalokol, Central Island na Eliye Springs

Nimesharudi nyumbani, lakini mchanga bado unamwagika kila nikikung'uta begi. Simulizi hii nimeiunga kutokana na picha za simu na daftari nililokuwa nikiandikia garini, ambalo kurasa zake za baada ya Kainuk hazisomeki kwa jinsi tulivyorushwarushwa. Wengi waendao Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, hupitia mashariki: Maralal, Baragoi, South Horr, hadi Loiyangalani, kwa gari la kukodi lenye nguvu. Mimi na mwenzangu tulishika njia ya magharibi kwa sababu moja tu: huko matatu zinafika.

Jumamosi: Kitale hadi Lodwar

Nauli tuliyolipa ni shilingi 1,500 kila mmoja. Konda alituapia kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Likaondoka saa mbili na nusu, baada ya magodoro, katoni za sabuni na pikipiki nzima kufungwa juu ya keria. Anayetaka kiti cha mbele afike mapema, kisha awe na subira.

Kapenguria iko juu ya mita 2,000 na abiria wote walikuwa ndani ya majaketi. Ukishapita Chepareria barabara inaanza kuteremka na haiachi. Masikio yanaziba, mashamba ya mahindi yanaisha, miiba inaanza. Kulia ni milima ya Cherangani, kushoto ni Mtelo wenye zaidi ya mita 3,300, na Mto Morun unakimbia chini yako, mara upande huu, mara ule. Tulipofika Marich kila jaketi lilikuwa limegeuzwa mto wa kukalia. Tulishuka tukanywa chai, na mama mmoja akatuonjesha asali ya Pokot kwa kijiti kabla hata hatujauliza bei. Chupa ya nusu lita ilikuwa shilingi 400. Ilikuwa nyeusi, yenye vipande vya nta ndani, na harufu ya moshi iliyotufuata hadi ziwani.

Kainuk kuna kizuizi cha polisi na ukaguzi wa vitambulisho. Nitasema wazi kwa wanaopanga kwenda: kipande cha Marich hadi Lokichar kimekuwa na visa vya ujambazi kwa miaka mingi. Safirini mchana, na asubuhi ya safari waulizeni madereva pale stendi Kitale hali ikoje. Wao ndio wenye habari za jana usiku. Wakisema subirini, subirini.

Baadaye kidogo gurudumu la nyuma likapasuka. Tulishuka sote kwenye jua la saa saba, kivuli hakuna isipokuwa cha gari lenyewe. Mzee mmoja wa Kiturkana alikuwa amekaa juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa huku hutembea nacho mkononi, mchana kiti, usiku mto wa kulalia. Alikitazama kile kigoda, akamtazama mama aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni, akainuka, akakipangusa vumbi kwa kiganja na kumwekea miguuni. Hakusema neno. Yeye akachuchumaa pembeni kwa muda wote tuliokuwa hapo, karibu saa nzima, hadi dereva wa lori la mbuzi aliposimama kutuazima jeki iliyofanya kazi.

Lokichar tulipita bila kusimama. Ndipo mahali ambapo mwaka 2012 kisima cha Ngamia 1 kilipatikana na mafuta, na nchi nzima ikaanza kuhesabu utajiri ambao haujafika. Tuliingia Lodwar giza likitanda, tukapata chumba cha shilingi 2,000 chenye feni. Kijana wa mapokezi alituambia bila kuficha: chumba ni cha mabegi, kulala ni uani. Akatutolea magodoro na vyandarua, tukalala chini ya nyota pamoja na wageni wengine wote.

Jumapili: Lodwar

Siku ya kununua maji na kutoa pesa. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao wa ufukweni hauaminiki, kwa hiyo noti za kutosha, hasa za mia na mia mbili, zitoke Lodwar. Jioni tulipanda kilima chenye sanamu kubwa ya Yesu aliyenyoosha mikono, kutoka huko unauona Mto Turkwel na utepe wa kijani ulioandamana nao, na nje ya utepe huo hakuna kijani tena isipokuwa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka balaa. Chini ya kilima akina mama wanauza vikapu vya majani ya mkoma, mti wa jamii ya mitende. Tulinunua kimoja kwa shilingi 300 na hatukuwa na moyo wa kubishana bei.

Jumatatu: Kalokol

Gari dogo aina ya Probox, shilingi 400, tukiwa tisa na mbuzi mmoja kwenye buti. Ni mwendo wa kama kilomita 60.

Kabla ya kufika, dereva alisimama kando ya nguzo za mawe meusi zilizosimikwa ardhini kama watu waliokatizwa wakizungumza. Ni Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe kwa kumcheka asiyepaswa kuchekwa. Wanaakiolojia nao wanasema ni kazi ya wafugaji wa kwanza wa bonde hili, waliokuwa wakizika watu wao na kusimika nguzo kuzunguka ziwa hili miaka kati ya 5,000 na 4,000 iliyopita. Ajuza aliyekuwa amebanana nami alishuka, akaokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo moja ambayo tayari ilikuwa na vingine. Akatutazama kana kwamba anauliza, nasi je? Tukaweka.

Kalokol yenyewe ni mtaa mmoja wa vumbi, maduka, na harufu ya samaki mkavu. Tulienda kuona kiwanda cha samaki, au mwili wake. Kilijengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwe kinagandisha minofu ya samaki kwa ajili ya soko la mbali. Kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki kwenye joto hili kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili havikuwepo kwa bei inayolipa. Halafu, katikati ya miaka ya 1980, Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa inatoa samaki wengi kuliko sehemu nyingine, ikakauka. Wafugaji waliohamasishwa kuwa wavuvi wakabaki bila mbuzi na bila maji. Siku hizi ghuba imejaa tena, imezidi hata ilipokuwa.

Kwangu hili ndilo jambo kubwa la ziwa hili, kuliko mamba na kuliko mafuvu ya binadamu wa kale: halikai mahali pake. Halina mto unaotoka. Karibu asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, Turkwel na Kerio huongeza kidogo kwa msimu, na jua pamoja na upepo hunyonya zaidi ya mita mbili kila mwaka. Mizani hiyo ikiyumba kidogo tu, kwenye ufuko tambarare kama huu maji yanakwenda kilomita nzima au yanarudi kilomita nzima. Ethiopia ilipojenga bwawa la Gibe III juu ya Omo, lililoanza kutoa umeme mwaka 2015, hofu ilikuwa kwamba ziwa litashuka, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka mbuga zake kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha zikaja mvua za 2019 na 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yakafurika, na hili nalo likapanda. Ramani ya simu yangu ilionyesha kwamba tumesimama nchi kavu. Tulikuwa tumeshika viatu mkononi.

Tulilala kwa familia moja iliyotukodishia kibanda kwa shilingi 800. Chakula cha usiku kilikuwa ngege (tilapia) wa kukaanga, mzima, na ugali. Samaki alikuwa mtamu, ugali ulikuwa na mchanga. Kila chakula huku kina mchanga, ukiukubali mapema unaishi vizuri.

Jumanne: kusubiri upepo

Mashua ya kwenda Central Island, kisiwa cha katikati ya ziwa, hupangwa kwenye ofisi ya wavuvi pale ufukweni. Tulikubaliana shilingi 13,000 kwenda na kurudi, petroli ikiwa ndani, na bei hiyo ni ya mashua nzima, kwa hiyo ukipata wenzako wanne au watano inapoa. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kando, na hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa mkono. Lipieni mkiwa Lodwar kwenye mtandao mzuri na muhifadhi risiti kwenye simu.

Tulifika alfajiri. Nahodha alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mashua, amevaa koti zito. Akanyoosha kidole kwenye maji. Mawimbi yalikuwa meupe hadi upeo wa macho. "Leo hapana," akasema. Tulijaribu kumwambia kwamba mchana huenda ukatulia. Akacheka kwa upole, akasema upepo ukitulia mchana utatupeleka, lakini wa kuturudisha ni mwingine. Pepo za kusini-mashariki huteremka kati ya milima zikapiga ziwa lililo wazi, na mashua ndogo hazina pa kujificha. Mtu akikuambia ngoja, amekupenda. Wekeni siku moja ya ziada kwenye mpango wenu, msije mkamshinikiza nahodha kwa sababu ya tiketi ya kurudi.

Basi tukakaa na wachuuzi wa samaki. Mama mmoja alituonyesha kazi yake hatua kwa hatua: anampasua ngege kwa mgongo, si kwa tumbo, anamfungua kama daftari, anampaka chumvi kwa kiganja na kumlaza juu ya wavu, ngozi chini. Jua la huku linamaliza kazi upesi. Samaki hao hupakiwa kwenye marobota na kupelekwa Kitale, na wengi huvuka mpaka hadi Kongo. Alituuliza kama kwetu tunawala. Nikasema sisi hupenda wabichi. Akamwambia jirani yake kitu kwa Kiturkana, wakacheka kwa muda mrefu.

Watoto wake walikuwa wakichota maji ya ziwa kwenye madumu ya kunywa. Yana magadi, yanateleza vidoleni kama yametiwa sabuni, na yana floridi nyingi kiasi kwamba wengi waliokulia hapa wana meno ya kahawia. Mgeni asiyanywe. Tulikuwa tumebeba lita 20 kutoka Lodwar na ziliisha haraka kuliko tulivyodhani, hasa kwa kuwa hatukuweza kunywa peke yetu watoto wakitazama.

Jumatano: Central Island

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nahodha mwenyewe alikuja kutugongea. Maji yalikuwa yamelala. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, ila mojawapo haikuwa na mshipi, tukaifunga kwa kamba. Kagueni kabla ya kulipa.

Ni zaidi kidogo ya saa moja kwa injini. Ukiwa ndani ndipo unapoelewa ukubwa: zaidi ya kilomita za mraba 6,400, karibu kilomita 250 kutoka kusini hadi ncha ya kaskazini iliyoingia Ethiopia. Ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Rangi haikai. Alfajiri lilikuwa kijivu, jua lilipopanda likawa kijani kile cha kwenye picha, kinachotokana na mwani, na mbali kidogo mstari wa buluu ukalikata katikati.

Kisiwa ni volkano, kina ukubwa wa kama kilomita za mraba 5, na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1983. Unashukia kwenye mchanga mweusi. Kijana aliyetuongoza alitupanga mstari mmoja na kutukataza kukanyaga mchanga laini wa juu, kwa kuwa ilikuwa Februari na mamba walikuwa wameanza kufukia mayai. Huanguliwa Aprili na Mei, na anayetaka kuona watoto wa mamba aje wakati huo, akivumilia joto.

Tulipanda ukingo wa kreta kwenye majivu yanayokuteremsha hatua moja kwa kila mbili unazopanda. Juu, upande wa pili, chini kabisa, kuna ziwa jingine ndani ya kisiwa kilicho ndani ya ziwa. Yako matatu, nayo huitwa kwa wakazi wake: la mamba, la heroe na la tilapia. Kwenye lile la mamba sikuona kitu kwa dakika kadhaa. Kijana akaniambia nisitafute mamba, nitafute magogo. Nikahesabu magogo kumi na moja. Kisha gogo moja likafungua mdomo likauacha wazi, na ndege mdogo akatembea mbele yake bila wasiwasi wowote.

Nilimuuliza imekuwaje mamba wa Nile na sangara wa Nile wakafika kwenye ziwa lisilo na njia. Hilo analijua kila mtoto wa shule huku, akanijibu: zamani lilikuwa na njia. Miaka kama 9,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, maji yalikuwa juu ya hapa kwa makumi ya mita na yalifurika kaskazini-magharibi hadi mfumo wa Nile. Maji yaliposhuka, mlango ukafungwa, waliomo wakabaki. Ndiyo maana unaweza kuvua hapa mbuta (ndiye sangara), ngege na kambare wenye jamaa zao Misri.

Ndege ndio walionishinda. Nilikwenda nikidhani nitaona heroe, na heroe walikuwepo, mstari mwembamba wa waridi. Lakini ufukweni kulikuwa na vitwitwi wadogo wasiohesabika, wageni waliokimbia baridi ya kaskazini mwa dunia, wakikimbia na kila wimbi na kurudi nalo. Minandi walikausha mabawa juu ya mawe, mwari wakapita chini chini juu ya maji. Kama una darubini, ibebe, hata kama itabidi uache shati.

Saa tano nahodha akapiga mluzi. Hatukubishana. Nusu ya njia ya kurudi mawimbi yalianza kuingia, tukawa tunakomba maji kwa kopo la rangi, na alipofika kwenye maji tulivu ya ghuba alizima injini kidogo, akawasha sigara, akatuambia kwamba sasa tunaweza kupiga picha.

Alhamisi na Ijumaa: Eliye Springs

Kutoka Kalokol tulirudi Lodwar, kisha pikipiki mbili hadi Eliye, shilingi 1,500 kila moja. Kwenye mchanga mzito unashuka na kusukuma, hilo limo kwenye nauli. Funga uso kwa leso.

Eliye ni mahali pa kupumzika. Mikoma mirefu imesimama ufukweni, na mingine imesimama ndani ya maji kabisa, mita nyingi kutoka nchi kavu, pale ambapo ufuko ulikuwa zamani. Chemchemi zinatoka chini ya ukingo, maji matamu ya uvuguvugu, na hapo ndipo kila mtu huoga, hunywa, hufua na hupiga soga. Kupiga hema tulilipa shilingi 1,000 kila mmoja. Sangara wa kuchoma wa kutosha watu wawili, 900. Soda ya baridi 100, na ingekuwa mia tano ningelipa.

Kuogelea watu wanaogelea, watoto hasa, lakini pale pale wanapoogelea wenyeji na saa zile zile. Mamba wapo, viboko nao huonekana. Msichana wa miaka kama tisa alinishika mkono akanivuta kutoka upande niliokuwa nikielekea, akanionyesha mstari usioonekana kati ya mikoma miwili: huku ndiyo, kule la. Jioni alirudi na makoma mawili, matunda ya mikoma hiyo, akatufundisha kuyagongagonga kwenye jiwe hadi ganda lilainike, ndipo utafune. Yana ladha ya sukari guru na nyuzi zake hukaa kwenye meno hadi kesho yake.

Ijumaa tulipanda matuta ya mchanga kabla jua halijawaka, tukalala mchana kutwa, na usiku upepo uling'oa vigingi viwili vya hema. Walinzi wa kambi walikuja bila kuitwa wakalifungia hema mawe.

Jumamosi na baadaye

Lodwar hadi Kitale: mwendo wa saa tisa, usingizi, hakuna pancha.

Kwa watakaofuata: hatukufika Nariokotome, kaskazini zaidi, ambako mwaka 1984 mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kumpata yule aitwaye kijana wa Turkana, binadamu wa kale, mifupa yake ikiwa na umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Inahitaji gari lako mwenyewe. Hifadhi ya Sibiloi na eneo la visukuku la Koobi Fora ziko ng'ambo ya ziwa, na nahodha wetu alisema huvusha watu kutoka Kalokol msimu ukiruhusu, ila bei inategemea petroli na lazima ubebe chakula na maji ya siku zote. Tumeshachukua namba yake. Alitushauri tusije Mei.